Vidonge vya jua katika nchi ya jua

Kopo lenyewe la vidonge vya vitamini D ni dogo, jeupe, lina kifuniko cha manjano. Lilifika Bombo, kaskazini ya Kampala, mwezi wa nne, mvua ikiwa imekolea, limeviringishwa ndani ya soksi za watoto kwenye sanduku lililotoka Birmingham. Mwenye kuletewa ni Hajati, jirani yetu wa siku nyingi. Mwenye kuleta ni binti yake aliye kyeyo huko, yaani kibarua cha ughaibuni, kazi yake kutunza wazee. Kopo lilitanguliwa na ujumbe wa sauti kwenye simu: mama ameze kila siku, huku kila mtu anameza, mafua hayatamsogelea tena. Hajati aliniwekea sauti ile mara mbili. Kisha akanyoosha kiganja nje ya kivuli cha baraza, jua la saa saba likamwagika juu yake, akaniuliza, "Mwanangu, sasa wazungu wanatuuzia hili?"

Tulicheka. Lakini swali lile nilirudi nalo Kampala, na kadiri nilivyolichimba ndivyo nilivyoona kwamba yeye na binti yake kila mmoja ameshika nusu ya jambo.

Tuanze na kilichomo ndani ya kopo. Vitamini D si kama wenzake. Vitamini C lazima uile, mwili wa binadamu hauna namna ya kuitengeneza. D mwili huitengeneza wenyewe, mradi ngozi ipate ile mionzi mikali ya jua isiyoonekana kwa macho, ndiyo hiyo hiyo inayowababua watalii wakisahau kofia. Mionzi ikigonga ngozi, hugeuza kitu cha jamii ya kolesteroli kilichomo humo kuwa vitamini D. Damu huipeleka kwenye ini, ini huibadilisha, kisha figo huikamilisha. Ikishakamilika inafanya kazi kama homoni, na kazi yake kubwa ni kuusaidia mwili kunyonya kalisi, yaani kalsiamu, kutoka kwenye chakula ili mifupa iwe migumu. Maabara wakikupima, wanapima ile iliyotoka kwenye ini, nanomoli ngapi kwa lita ya damu.

Sasa mionzi hiyo huchujwa na hewa. Jua likiwa utosini inapita kwa njia fupi na kufika. Jua likiwa limeinama inapita kwenye hewa nyingi na kuishia huko juu. Kipimo cha bure ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, ngozi ina kazi, kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi inaota jua tu. Watafiti wa Boston, mji ulio latitudo 42 kaskazini, walionyesha mwaka 1988 kwamba kuanzia Novemba hadi Februari jua la huko halitengenezi vitamini D kwenye ngozi hata siku ikiwa angavu. Birmingham iko juu zaidi, latitudo 52. Kwa hiyo binti wa Hajati anaishi miezi kadhaa kila mwaka kwa akiba aliyoweka kiangazi, na kama kiangazi alikuwa zamu ya usiku, akiba yenyewe haipo.

Sisi mstari wa Ikweta tunaupita pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, tunanunua chapati tunaendelea na safari. Saa sita mchana kivuli cha mtu Uganda ni kifupi kuliko yeye mwenyewe, mwezi wowote wa mwaka.

Uingereza ilifundishwa jambo hili na miguu ya watoto wake. Enzi za viwanda na moshi wa makaa, watoto wa miji yake walijaa matege, mifupa laini inayopinda. Mwaka 1890 daktari mmoja aliyewahi kufanya kazi ya umisheni Japani, Theobald Palm, aliona kwamba ugonjwa ule unafuata miji isiyo na jua. Mwaka 1919 Edward Mellanby aliwapatia mbwa matege kwa kuwafungia ndani na kuwapa chakula duni, akawaponya kwa mafuta ya ini la chewa. Mwaka 1922 mwenzao wa Marekani, Elmer McCollum, alikitofautisha kile kinachoponya na vitamini A akakiita D, kwa kuwa A, B na C zilikuwa zimeshachukuliwa. Na hadi leo serikali ya Uingereza inawashauri watu wake, tangu 2016, wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku miezi ya baridi. Sababu wanayoitoa ni mifupa na misuli. Mafua hayamo.

Basi mafua yaliingilia mlango gani?

Yaliingia na majira. Baridi ikija, vitamini D inashuka na mafua yanapanda, kila mwaka, kama ratiba ya shule. Mtu akiona vitu viwili vinapishana hivyo miaka nenda rudi, lazima ashuku. Mwaka 2009 ukachapishwa uchunguzi wa Wamarekani karibu 19,000: wenye vitamini D kidogo walisema wamepata mafua karibuni zaidi kuliko wenye nyingi. Ukiusoma haraka unakimbilia duka la dawa. Ukiusoma polepole unajiuliza nani ana vitamini D kidogo. Ni mgonjwa asiyetoka nje, mtu mnene, mzee, mvutaji, maskini wa nyumba yenye watu wengi. Hao wote wana sababu zao nyingine za kupata mafua. Pia ugonjwa wenyewe unaweza kuishusha vitamini D kwenye damu. Anayefuata moto na anayefuatwa na moto wote huonekana karibu na moshi.

Mlango wa pili ulikuwa maabara. Chembe za kinga zinaitambua vitamini D na kuitumia. Zikiipata, hutoa silaha mojawapo iitwayo kathelisidini inayotoboa vijidudu. Mwaka 2006 wanasayansi walionyesha hilo kwa vijidudu vya kifua kikuu, na watu wengi wakaanza kuota ndoto kubwa. Lakini jogoo la shamba haliwiki mjini. Kitu kinachowika kwenye chupa ya maabara kinaweza kunyamaza kabisa kikiingia ndani ya mtu mwenye watoto watatu, wafanyakazi wenzake wanaokohoa na virusi vya aina zaidi ya mia vinavyojua kubisha hodi puani. Njia ya kuamua ni moja: chukua watu wengi, wagawe kwa bahati nasibu, nusu wape dawa, nusu wape kidonge kitupu kinachofanana nacho, asijue yeyote kapata nini, kisha hesabu mafua.

Wakafanya. Jaribio mojawapo ninalolipenda lilifanyika Christchurch, New Zealand, likachapishwa 2012. Watu wazima 322 wenye afya, dozi kubwa mara moja kila mwezi, mwaka mmoja na nusu. Katikati ya utafiti mji ukapigwa na matetemeko makubwa ya ardhi, na watafiti wakaendelea kuhesabu makamasi. Mwisho wa yote: waliopewa vitamini D walipata mafua mara 3.7 kwa mtu, waliopewa kidonge kitupu mara 3.8. Yaani sare.

Halafu 2017 upepo ukageuka. Timu iliyoongozwa kutoka London ilikusanya majaribio 25 yenye watu karibu 11,000 na kuyachambua pamoja. Ilionekana vitamini D inapunguza kidogo maambukizo ya njia ya hewa, na faida kubwa kabisa ilikuwa kwa waliokuwa na upungufu mkubwa, chini ya nanomoli 25, waliomeza kidogo kidogo kila siku au kila wiki badala ya dozi kubwa za mara moja moja. Hapo ndipo habari ilipotoka magazetini ikafika kwa manesi, kwa watunza wazee, na hatimaye kwenye soksi za watoto.

Kinachosafiri polepole ni habari ya baadaye. Mwaka 2021 watafiti hao hao waliongeza majaribio yakafika 43, watu zaidi ya 48,000. Waliomeza vitamini D, asilimia 61.3 walipata angalau maambukizo moja. Waliomeza kitupu, asilimia 62.3. Ili kuiona tofauti hiyo, nenda stendi ya taksi ujaze taksi saba, abiria kumi na wanne kila moja, wote wameze vitamini D. Jaza nyingine saba, wote wameze kidonge kitupu. Msimu ukiisha, taksi zote kumi na nne zitakuwa zimejaa watu wanaopenga kamasi, na upande wa vitamini D atakuwa amesalimika abiria mmoja zaidi. Mmoja, katika taksi saba nzima. Na mwaka 2025 walipoongeza tena, majaribio 46 na watu zaidi ya 64,000, hata abiria yule mmoja hawakuweza kuapa kwamba yupo. Ile faida ya wenye upungufu mkubwa nayo haikujitokeza tena.

Wakati huohuo, wakati wa korona, yalifanyika majaribio mawili makubwa ambayo kwangu mimi yanafunga mjadala kwa watu wazima wa kawaida. Norwei waliwagawa watu zaidi ya 34,000, nusu wakapewa kijiko cha mafuta ya ini la chewa kila siku wakati wa baridi, nusu mafuta ya mahindi. Uingereza waliwachukua watu 6,200 wa miaka 16 na zaidi, nusu yao wakapimwa na waliokutwa chini wakapewa dozi ya kila siku kwa miezi sita. Yote mawili yalichapishwa 2022. Hakuna lililopunguza mafua wala korona.

Je, ni bure kabisa? Kuna punje moja nisiyoitupa. Mongolia, nchi ya baridi kali, watoto 247 wa shule walipewa maziwa wakati wa baridi, baadhi yamewekwa vitamini D kiasi kidogo tu, na hao mafua yao yakapungua karibu nusu. Watoto wale walikuwa na kiwango cha chini ajabu kabla ya kuanza. Hata mtu akiyaamini matokeo hayo kwa asilimia mia, yanachosema ni kwamba tanki tupu likijazwa, gari huenda likatembea. Hayasemi kwamba tanki lililojaa likimiminiwa zaidi gari litapaa.

Na tanki la Mganda likoje? Hapa kuna mkanganyiko unaouzwa sana mitandaoni. Utasikia: ngozi nyeusi haitengenezi vitamini D, kwa hiyo Waafrika wote wana upungufu. Sehemu ya kwanza imetiwa chumvi. Melanini huchuja mionzi, kwa hiyo ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kupata kiasi kile kile. Kwa Mwafrika anayeishi Birmingham hilo ni tatizo la kweli, na ndiyo maana huko wanawashauri watu weusi wameze mwaka mzima. Kwa aliye chini ya jua la Ikweta habari ni nyingine. Mwaka 2012 ulichapishwa upimaji wa Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wa nje kutwa: wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Nchi nyingi huhesabu 50 kuwa ya kutosha. Na watoto wadogo wa nchi tano za Afrika waliopimwa, wakiwemo wa hapa kwetu Entebbe, waliokutwa chini ya 30 hawakufika hata mmoja kwa mia.

Lakini tusipige vigelegele mapema. Mapitio makubwa ya tafiti za bara zima yaliyochapishwa 2020 yalikuta karibu mmoja kati ya watano yuko chini ya 30. Waliokuwa chini zaidi walikuwa wanawake, watoto wachanga, watu wa mijini, na watu wa ncha mbili za bara, kaskazini na Afrika Kusini. Jua kuwepo nje ni jambo moja, wewe kuwepo juani ni jambo jingine. Mlinzi wa usiku analala mchana. Fundi cherehani yuko chini ya bati toka asubuhi. Mama aliyejisitiri vizuri anaonyesha uso na viganja, na baraza lake lina kivuli. Kijana wa ofisini ameketi kwenye mwanga mzuri wa dirisha, ila kioo kinapitisha mwanga na joto na kuizuia ile mionzi inayohitajika. Mwenye kifua kikuu anameza rifampisini, na wapo wanaomeza dawa za kifafa za zamani. Dawa hizo huiharakisha vitamini D kuvunjwa mwilini, na hilo ni la kuzungumza na daktari wake.

Nikamfikiria Hajati. Umri umepita sabini. Magoti yanamsumbua, haendi tena shamba. Toka asubuhi hadi magharibi ni ndani na baraza, baraza na ndani, na akivuka uwanja amejifunika kitambaa chake. Mwanamke anayewacheka wanaouza jua ni miaka mingapi sasa jua halijamgusa mkono? Kile kiganja alichonyoosha siku ile pengine ndicho kilikuwa kipande kikubwa zaidi cha ngozi yake kilichoonana na jua wiki ile.

Kwa hiyo kopo lile huenda likamfaa. Litamfaa mifupa, si pua.

Pua ina mambo yake. Ssenyiga, kama wanavyoiita Waganda, hapa haingoji baridi kwa kuwa hatuna. Inazunguka mwaka mzima na kupamba moto mvua zikija. Si kwamba mvua inakunyeshea mafua. Mvua inatubana pamoja: madirisha ya taksi yanafungwa, watoto wanasukumana darasani, familia inakaa chumba kimoja na jiko la mkaa mlangoni. Virusi vinahitaji hilo tu. Ukitaka kumkinga mzee wa nyumba, fungua dirisha, nawa mikono unaporudi mjini, na mjukuu anayetiririka kamasi asilale naye kitanda kimoja. Najua si ushauri wa kuvutia kama kopo. Tangawizi na asali zinatuliza koo, mimi mwenyewe nazitumia, ila asali usimpe mtoto aliye chini ya mwaka. Amoksilini haifanyi lolote kwa kirusi, ingawa watu wanainunua vidonge vinne vinne kama pipi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika hadithi ya vidonge si shilingi zinazopotea. Ni mtu kujiaminisha. Uganda homa inayokuja na kuumwa mwili inaweza kuwa malaria, na kipimo chake ni tone la damu kidoleni. Kikohozi kikipita wiki mbili ni cha kwenda kupimwa kifua kikuu, uwe umemeza vitamini au hujameza. Mwenye kusema "hii fulu tu, nina vidonge vyangu vya Uingereza" anaweza kupoteza wiki ambazo hana.

Mwezi wa sita nilirudi Bombo na Hajati akanionyesha mafanikio yake. Mwezi mzima hakupata mafua. Nikauliza anameza vingapi. Viwili, asubuhi na jioni, kwa sababu kimoja alikiona kidogo mno, kama punje ya mtama. Nikaliomba kopo nikavaa miwani.

Hapo ndipo palipo na mtego. Vitamini D huandikwa kwa vipimo viwili, mikrogramu na zile herufi IU, yaani vizio vya kimataifa, na mikrogramu moja ni IU 40. Mikrogramu 10 za serikali ya Uingereza ni IU 400. Kopo lake liliandikwa 50 na 2000, kila kidonge. Viwili ni 4000, na hapo ndipo mpaka wa juu ambao mtu mzima hashauriwi kuuvuka kwa siku bila daktari. "Na hiki je?" akaniuliza, akitoa mfukoni mwa gauni pakiti ya vidonge vya mifupa alivyonunua Wandegeya, mtaa wa Kampala. Nayo ilikuwa na kalisi, na ndani yake D nyingine. Mpaka ulikuwa umeshavukwa, na ulivukwa kimyakimya, kwa nia njema.

Tofauti na vitamini C, ambayo ziada yake huenda na mkojo, D huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili na kuongezeka taratibu. Ikizidi sana kwa muda mrefu, kalisi hupanda kwenye damu: kiu isiyoisha, kichefuchefu, kwenda haja ndogo kila mara, mawe kwenye figo. Hata dozi kubwa ya mara moja si salama kama inavyodhaniwa. Australia waliwapa wanawake wazee IU 500,000 mara moja kwa mwaka wakitumaini kulinda mifupa yao, na matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha walianguka na kuvunjika zaidi kuliko waliopewa kitupu.

Hajati alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama binti yake anayajua haya. Nikasema pengine kwake yeye kopo lina maana, kwa kuwa huko kwao jua limefungwa nusu mwaka. Tukakubaliana ile pakiti ya Wandegeya aiweke pembeni, ameze kidonge kimoja cha kopo siku moja na kuacha siku moja mpaka atakapoonana na daktari wa magoti, na kwamba kigoda kinaweza kusogea. Akakisogeza pale pale, hatua mbili nje ya kivuli, akakunja mikono ya gauni hadi kwenye kiwiko na kunyoosha miguu.

Nilipoaga aliniita nirudi. Alikuwa amehesabu vidonge vilivyobaki, akavigawa mafungu mawili, fungu moja amelifunga kwenye kipande cha gazeti. "Chukua," akasema. "Si wewe uliyesema unakaa nyuma ya kioo kutwa?"